Mnara unaoimba sifuri

“Huyu anaongea au anasukutua?”

Kijana wangu wa dukani alikuwa ameegemea meza ya kazi, sikio kwenye spika ya laptop, uso umemkunjika. Tulikuwa kwenye megahezi 156.8, chaneli ya 16, ambayo ndiyo chaneli ya wito na dharura kwa vyombo vya majini dunia nzima. Ziwa Tanganyika lenyewe liko hapo chini, ukitoka Mwanga, hapa Kigoma mjini, unateremka tu. Chombo kimoja kilikuwa kinaita. Sauti ilifika, lakini ilifika imekwaruzika, herufi “s” zote zimegeuka mchanga, na kila mwitaji alipopaza sauti maneno yalikatika katikati. Akinong'ona anasikika, akipiga kelele anapotea. Jambo hilo la mwisho ningelitafakari mapema ningejiokolea siku tatu.

Kifaa chenyewe ni kile cha ukubwa wa flashi, cha kuchomeka kwenye USB. Wenye Kiingereza chao wanakiita dongle. Sisi dukani tumekiita dongo na jina limekaa. Nilikiagiza Dar, kikaja na basi mpaka huku mwisho wa reli, kimefungwa kwenye gazeti. Muuzaji alikiuza kama “TV ya laptop”, na hakudanganya: ndani kuna chipu ya RTL2832U ya kampuni ya Realtek ya Taiwan, iliyotengenezwa kupokea televisheni ya kidijitali ya antena, DVB-T. Ila mwaka 2012 wajuzi wa programu waligundua kwamba chipu hiyo inaweza kuambiwa iachane na mambo ya televisheni, imimine tu mawimbi ghafi kwenye kompyuta, halafu kompyuta ndiyo iwe redio. Tangu siku hiyo kifaa cha bei ya kuku wawili kimekuwa redio ya kusikiliza kuanzia megahezi 24 hivi hadi 1,766, kikiwa na tyuna, yaani chipu ya kuchagua masafa, ya R820T kama langu.

Nililaumu antena kwanza. Fundi yeyote huanza na kitu anachoweza kukishika. Nikabadilisha waya, nikakwangua soketi, nikapandisha antena juu ya bati. Nikarudi kwenye stesheni za FM kupima: safi kabisa, muziki unatiririka, mtangazaji utadhani yuko chumba cha pili. Basi nikajiaminisha kwamba dongo ni zima na wenye makosa ni hao wa majini, redio zao zimechoka kwa chumvi. Kijana akanikumbusha kwamba Tanganyika ni maji baridi. Nikamtuma vocha.

Siku ya tatu ndipo nikaacha kusikiliza nikaanza kutazama. Programu hizi huchora mawimbi kwenye skrini, na kila anayerusha anaonekana kama mstari unaoshuka. Chombo kilipoita tena, mstari wake haukuwa kwenye 156.800. Ulikuwa karibu kilohezi 9 chini yake. Sauti ya majini hukaa kwenye njia nyembamba. Ukisikiliza kilohezi 9 pembeni unasikia ukingo wake tu, na sauti inapopanda, ambapo wimbi la FM hupanuka, sehemu kubwa inaangukia nje ya kichujio. Ndiyo maana kelele zilikatika na minong'ono ikapita. Stesheni za muziki zina njia pana ya kilohezi 200. Kwenye megahezi 90 kosa lilelile linakuwa kilohezi 5, na katika njia ya upana huo kilohezi 5 ni kama kuegesha bajaji uwanja wa Lake Tanganyika kisha mtu akulaumu hujanyoosha tairi.

Kosa liko kwenye kristali. Ndani ya dongo kuna kipande kidogo cha bati chenye maandishi 28.800, na humo kuna kipande cha kwazi kinachotetema mara milioni 28.8 kwa sekunde. Hiyo ndiyo saa yake. Kila namba inayoonyeshwa kwenye skrini imezidishwa au kugawanywa kutoka kwenye mtetemo huo. Kristali ya bei nafuu huweza kukosea kwa sehemu 20, 50, hata zaidi ya hapo katika kila milioni, ambazo programu huziandika ppm. Yangu ilikuwa inakimbia: badala ya mitetemo 28,800,000 inapiga kama 28,801,640. Dongo likiamini limesimama 156.800, ukweli limesimama 156.809, kwa hiyo mrushaji aliye mahali pake halali anaonekana yuko chini. Si yeye aliyehama.

Shangazi yangu anauza dagaa Kibirizi, na nyumbani kwake kuna mzani wa saa, ule wa kuning'iniza, aliouondoa kwenye biashara zamani. Anautumia kupimia unga wa nyumbani. Nilimkuta jioni hiyo nikamweleza habari za kristali.

“Mzani huu unazidisha gramu hamsini, baba,” alisema, akiugonga kwa kidole. “Leo hamsini, kesho hamsini. Mwongo wa hivyo nammudu. Nisiyemmudu ni yule wa leo hamsini, kesho ishirini.”

“Ulijuaje ni hamsini?”

Akanitazama kwa huruma. “Si kwa jiwe?”

Jiwe la kilo, kipande cha chuma kilichohakikiwa, lipo kwenye kabati pamoja na vyeti vya shule vya watoto. Mfano wake una kasoro moja, na nikiuacha hivihivi utawapoteza wasomaji. Mzani wa shangazi unazidisha gramu hamsini ukipima kilo moja, na hamsini hizohizo ukipima kumi. Dongo halikosei hivyo. Lenyewe ni futi ya fundi cherehani iliyovutika kwa kuvutwa miaka: kwenye kola ya shati huoni kitu, kwenye pazia la ukumbi unakosa shubiri nzima. Ndiyo maana hesabu yake hufanywa kwa sehemu katika milioni, wala si kwa kilohezi. Ukishaijua sehemu moja unaijua kila mahali.

Lakini nilichokuwa sina ni jiwe. Stesheni ya FM haifai, imetawanyika mno kuona katikati yake. Chombo cha majini nacho kina kristali yake yenye makosa yake. Nilihitaji mtu anayerusha usiku na mchana, karibu nami, ambaye masafa yake yamehakikiwa kuliko ninavyoweza kuhakiki mimi. Na kutoka mlangoni pa duka, ukiinua macho juu ya mabati, mnara huo hapo, na taa yake nyekundu.

Kiwango cha GSM, yaani ile 2G ya vitochi, kinaudai mnara usikosee zaidi ya 0.05 ppm. Kwenye megahezi 947 hiyo ni hezi 47 tu, wakati dongo langu lilikuwa linakosea hezi elfu hamsini na nne. Hilo ni jiwe la kilo haswa. Na zaidi ya kuwa sahihi, mnara wa GSM umepewa kazi maalumu ya kuwasaidia waliopotea. Katika chaneli yake kuu, ile isiyozima hata dakika, kuna kipande kinachoitwa FCCH, yaani chaneli ya kurekebisha masafa. Humo mnara unatuma biti 148, na zote ni sifuri. Hakuna ujumbe wala jina la mtandao, wala namba ya mtu yeyote. Ni sifuri tupu.

Uzuri wake ni huu. GSM hutuma biti 270,833 kwa sekunde, na jinsi inavyozibeba juu ya wimbi, mfululizo wa biti zinazofanana hulizungusha wimbi kwa mwendo usiobadilika: robo ya mzunguko kwa kila biti. Gawa 270,833 kwa nne unapata 67,708. Kwa hiyo kwa nusu milisekunde na ushee, kelele yote ya data inanyamaza na badala yake inatoka noti moja nyoofu kama ya filimbi, hezi 67,708 juu ya katikati ya chaneli. Halafu kelele inarudi. Noti hiyo hupigwa mara tano katika kila fremu 51, yaani vile vipande vya muda ambavyo GSM hurushia, ambayo ukihesabu ni kama mara 21 kwa sekunde, mfululizo, hata saa tisa usiku Mwanga yote imelala. Ukiikamata ukaipima ukakuta iko mahali pengine, tofauti unayoiona ni kosa lako.

Programu inayofanya kazi hiyo inaitwa Kalibrate, amri yake kal. Aliiandika Joshua Lackey, na Steve Markgraf akaitengenezea toleo la madongo haya. Nikaandika kal -s GSM900, maana yake tafuta minara kwenye bendi ya 900, nikakaa na chai.

Ikarudi mikono mitupu. Mnara uko mita mia mbili kutoka hapa, naona hadi nyaya zake, na programu inasema haioni kitu.

Hapa nitumie muda kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokata tamaa na kuuza dongo. Kal inapotafuta ina mpaka wa uvumilivu: ikikuta noti iko zaidi ya kilohezi 40 kutoka inapoitarajia, inaitupa kwa kudhani si yenyewe. Kosa langu lilikuwa kilohezi 54. Nilikuwa nimepotea kuliko ilivyodhaniwa mtu anaweza kupotea. Dawa ni kuipa makadirio ya kuanzia kwa -e, na makadirio nilikuwa nayo tayari kwenye ule mstari wa majini: kilohezi 9 kugawa kwa megahezi 156.8 ni kama 57, nikaikadiria tu kwa juu, 60. Lakini alama yake ni ipi? Mstari ulionekana chini, kwa hiyo nikaweka hasi. Nikajaribu kwanza kwenye chaneli ya 16, na chombo kikahamia kilohezi 18 chini. Nilikuwa nimelipa deni kwa kukopa tena. Kristali inayokimbia hupewa namba chanya, ingawa mawimbi yanaonekana yameshuka; wewe ndiye uliyepanda. Nimeiandika sentensi hiyo ukutani kwa kalamu ya risasi.

Kwa -e 60 mambo yakafunguka. Mno, kwa kweli: chaneli ishirini na kitu zikajipanga kwenye skrini. Kijana akashangilia. Mimi nikashuka kidogo moyo, kwa sababu bendi haiwezi kuwa na umati ule mtaani kwetu. Ukimpigia mtu kelele sikioni anasikia hata ambayo hukusema. Dongo nalo likiwa chini ya mnara na geini, yaani kipimo cha kukuza mawimbi, imefunguliwa yote linazalisha vivuli, chaneli za uongo zilizozaliwa na kuzidiwa. Nikapunguza geini hatua kwa hatua hadi zikabaki sita, kila moja imesimama imara. Nikachagua yenye nguvu, chaneli ya 62, ambayo kwa hesabu ya GSM ni 935 jumlisha 62 mara 0.2, yaani megahezi 947.4. Kosa lililobaki lilikuwa kilohezi 2.8 upande wa juu, kwa hiyo 60 yangu ilizidi kwa tatu. Jibu: 57. Nikaziuliza zile tano nyingine moja moja, maana shahidi mmoja hatoshi. Zote 57.

Nikaingiza 57 kwenye programu ya kusikilizia, nikarudi 156.8, tukasubiri. Ilichukua kama dakika arobaini hadi mtu akaita. “S” zilikuwa “s”.

Kabla sijaenda mbali: mara wakishaona antena, majirani huniuliza kama nasikiliza simu za watu. Hapana. Mazungumzo ya GSM yamefichwa kwa msimbo, na kuyachokonoa ni kosa, tena la kishenzi. Ninachokipima ni kile kipande ambacho makusudi hakijasema kitu.

Lililonikaa kichwani wiki nzima lilinijia wakati nina kitochi mezani, cha mama mmoja wa Ujiji. Kilianguka kwenye ngazi, kinawaka, betri nzuri, ila hakioni mtandao. Mafundi tunaijua hiyo. Unapuliza hewa ya moto, unabadilisha kristali ya megahezi 26, na mara nyingi simu inarudi. Miaka tisa nimebadilisha kristali hizo na hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini simu nzima isiyo na hitilafu nyingine inakuwa kiziwi kwa sababu ya kipande hicho. Sasa nikawa naliona. Gawa megahezi 26 kwa 96, unapata 270,833. Mwendo wa biti wa GSM wote umekatwa kutoka kwenye namba hiyo! Na kristali ya kitochi nayo ina makosa yake. Kila kitochi Kigoma nzima, kila kiswaswadu mfukoni mwa mvuvi, kinapowashwa kinakuwa kimepotea kidogo, na jambo la kwanza kinachofanya, kabla ya kuandika jina la mtandao, ni kutafuta ile noti ya sifuri 148 na kujisogeza hadi ilingane. Kristali iliyopasuka haikosei kwa kiasi kinachosogezeka. Ni ule mwongo ambaye shangazi hamudu.

Kumbe FCCH iliwekwa kwa ajili yao. Mimi nimedandia tu. Na kudandia huku kuna mwisho, maana wenzetu wengine wameshazima 2G: Telstra ya Australia ilizima Desemba 2016, AT&T ya Marekani ikafuata mwanzoni mwa 2017. Huko wanajipimia kwa ishara za 4G. Huku vitochi vikiwepo, mnara unaimba.

Joto nilidhani ni jambo dogo. Nilipima alfajiri, dongo limetoka tu kuchomekwa, nikapata 52. Nikanawa, nikanywa chai na chapati, nikapima tena: 56. Baada ya nusu saa, 57, na hapo likatulia. Saa nane mchana, chini ya bati la Mwanga mwezi wa tisa, lilisogea tena 59. Chipu hizi huchemka hadi hazishikiki, na kwazi hubadili mwendo ikipata moto. Kwa hiyo namba unayoipata dakika ya kwanza ni ya dongo lingine, si hilo utakalolitumia. Ninaliacha lipate moto nusu saa, kisha ndipo nalipima. Yapo madongo ghali zaidi yenye kristali iliyofidiwa joto, yanayokosea 1 ppm tu, na kama una hela nunua hilo uachane na mimi.

Jumapili moja nikapanda na laptop hadi kwenye kilima cha Bangwe, antena ya mwelekeo begani, ile ya fito. Nilitaka kujua kitu kimoja. GSM ina mpaka wa kilomita 35: mnara huiambia simu iwahi kutuma kwa hatua fulani ili mawimbi yafike kwa wakati, hatua ziko 64, kila moja kama mita 550, zikiisha basi. Ng'ambo ya Kongo ni mbali kuliko hapo. Lakini mpaka huo ni wa kuongea. Kusikia hakuna mpaka huo, na juu ya maji hakuna kilima cha kuzuia.

Kabla sijamaliza kufunga antena, mwenyekiti wa mtaa akawa amefika. Hakuja kwa ukali, alikuja na bakora yake ya kutembelea.

“Kijana, habari za hapa.”

“Nzuri mzee, shikamoo.”

“Marahaba. Hiyo antena unamtafuta nani?”

Nikamwambia natafuta sifuri. Jibu baya, akakaa kwenye jiwe kabisa. Ikabidi nimweleze toka mwanzo, mzani wa shangazi na futi ya cherehani na kila kitu, huku kal ikizunguka. Nilipoelekeza fito magharibi, chaneli mbili dhaifu zikatokea ambazo kule dukani hazikuwepo. Nilipozigeuzia mgongo zikafa. Nikapima zote mbili, kisha ya mnara wa kwetu. 57, 57, 57.

Mzee akavuta laptop karibu. “Kwa hiyo hawa wa ng'ambo na sisi tunakwenda pamoja?”

“Pamoja kabisa.”

“Mbona saa zao ziko nyuma? Mashua ikitoka Kongo wanatuambia saa moja wakati huku ni saa mbili.”

Ni kweli. Saa za ukutani zinapishana kwa saa nzima, ziwa likiwa katikati. Sekunde ndiyo haipishani, wala hezi. Alikubali taratibu, akakaa hadi jua lilipoingia nyuma ya milima ya Kongo na taa za mitumbwi ya dagaa zikaanza kuwaka moja moja kwenye maji. Akaniomba nimwangalizie na simu yake, inachelewa kushika mtandao.

Dongo langu sasa lina kipande cha utepe mweupe ubavuni, kimeandikwa kwa maka: 57, LIKIWA MOTO. Jana limefika la pili, kutoka kwa muuzaji yuleyule, gazeti lilelile, rangi ileile. Nililiacha nusu saa nikalipima. Hasi 12. Kijana akalikatia utepe wake.